Lenzi gani baada ya ile iliyokuja na kamera?

Swali: Salaam aleikum. Nina kamera ya Sony a6400 na lenzi yake ya zumu ya 16-50mm. Napenda kupiga picha Mji wa Kale jioni lakini zinatoka na chengachenga. Ninunue zumu kubwa? Msomaji, Kisauni.

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Zumu kubwa wacha kwanza, vile vichochoro ni vyembamba, utarudi nyuma hadi ugonge ukuta. Shida yako ni mwanga: hiyo 16-50 ukiivuta hadi 50 inaishia f/5.6 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ndo maana kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na chengachenga zinajaa. Tafuta 35mm ya f/1.8, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, na kwa vile sensa yako, kile kipande kinachopokea picha, ni APS-C (ndogo kuliko ile kubwa ya full-frame), itaona kama 52mm kwenye hiyo kubwa, yaani mlango wa kuchonga na mzee aliyekaa barazani wanaingia vizuri bila kumsogelea usoni (muombe ruhusa kwanza, tafadhali). Mtumba si mbaya, ila kwa unyevu wetu huu wa pwani imulike ndani na tochi ya simu, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, usiichukue hata ikiwa bei ya kutupa. Na ukitoka chumba cha AC iache kwenye begi ipate joto polepole, la sivyo kioo kitafanya ukungu.