Kwa mjumbe mpya anayetoka Lamu kwenda mkutano mkuu wa chama

Ndugu mjumbe, wanachama wa wadi yako wamekuchagua, na huenda hii ni mara yako ya kwanza kuvuka hadi Mokowe na kupanda basi la alfajiri ukiwa na barua ya chama mfukoni. Nimeifanya safari hiyo mara kadhaa, na nililojifunza ni kwamba mjumbe asiyeijua katiba ya chama chake huenda Nairobi kupiga makofi tu.

Mfano mzuri ni Limuru, Machi 1966. Wajumbe wa KANU, chama tawala wakati huo, waliokusanyika huko walipitisha mabadiliko ya katiba ya chama yaliyofuta cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama, alichokuwa nacho Oginga Odinga, na mahali pake pakawekwa makamu wanane kwa kufuata mikoa. Kiti chenyewe ndicho kilichoondolewa, na mwezi uliofuata Odinga alikuwa amekwisha kujiuzulu serikalini. Miaka 36 baadaye, tarehe 18 Machi 2002, wajumbe waliokutana Kasarani, Nairobi, walifanya jambo linalofanana na hilo: KANU ilipoungana na chama cha NDP viliundwa viti vinne vya makamu wenyeviti, vikaenda kwa Uhuru Kenyatta, Musalia Mudavadi, Kalonzo Musyoka na Katana Ngala, naye George Saitoti, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi, akabaki nje. Nakiri kwamba mimi nilifurahi siku ile kwa kuwa Ngala ni wa kwetu Pwani, wala sikujiuliza viti hivyo vilipangwa na nani na lini. Kwa hiyo, kabla hujasafiri, itishe rasimu ya mabadiliko, uweke kifungu cha zamani kando ya kile kipya, uone ni cheo cha nani kinachopunguzwa.

Funzo la pili linatoka Kasarani hiyo hiyo, Desemba 1991. Msemaji baada ya msemaji alisimama kutetea mfumo wa chama kimoja, wakidhani ndivyo mkuu wa chama alivyotaka kusikia. Mwishowe Rais Moi akasimama na kutangaza kwamba kifungu cha 2A, kilichotiwa katika Katiba ya nchi mwaka 1982 kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kingeondolewa, na walewale wakalazimika kukubali. Usipande jukwaani kubahatisha yaliyo moyoni mwa mkubwa. Sema uliyotumwa na tawi, hata kama ni maneno mawili. Na mwenyekiti atakaposema wanaokubali waseme ndiyo, kumbuka kwamba ukumbi mkubwa hauna namna ya kupima sauti. Kama katiba ya chama inaruhusu kura zihesabiwe, simama uombe hesabu kabla makofi hayajaanza, kwa sababu baadaye utaambiwa hoja imekwisha pita.

Kuhusu posho na malazi sina mengi: beba nauli yako ya kurudi.

Lililo zito zaidi ni orodha. Mwaka mmoja nilifika mlangoni baada ya safari ya siku mbili, nikaambiwa kwamba namba ya kitambulisho changu haifanani na iliyoandikwa, na kosa lilikuwa la tarakimu moja. Nilisimama nje hadi adhuhuri, na wakati huo viongozi walikuwa wamekwisha kuchaguliwa. Tangu hapo sikubali orodha ya wajumbe iondoke Lamu kabla sijaisoma mwenyewe, namba kwa namba, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa tawi.

Ukirudi, wape waliokutuma taarifa ndani ya wiki moja, wangali na hamu ya kuuliza. Kwa wenzetu wa Faza, usipange saa ya mkutano kabla hujamuuliza nahodha, kwa kuwa maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda ni shida kupitika, nawe utafika watu wamekwisha kutawanyika.