Boti juu ya Coaster: kabla hujalipa, inyanyue kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Geita kaniandikia: "Shikamoo mama. Nimenunua Coaster iliyochoka, naitengeneza iwe gari la kulala. Nataka juu niweke mtumbwi, popote nitakapoegesha niwe naingia ziwani. Jirani anauza wa mbao, mzuri, bei ya kutupa. Ninunue?"

Marahaba mwanangu. Usinunue.

Nitaeleza kwa urefu maana hayuko peke yake. Tangu nilipoweka picha ya Coaster yangu ikisubiri pantoni pale Kisorya kwenda Rugezi, boti imelala kifudifudi juu ya keria, naulizwa mambo yaleyale. Na nawaelewa. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hili ameliona likitumika kwa kazi tu: sangara, dagaa, mizigo, kuvuka. Lazima siku moja atatamani kuingia majini bila kutafuta hela. Tusidanganyane, nyote mnaosoma hapa mmeshapiga hesabu ya gari la kulala, hata anayesoma akiwa amebanwa kwenye daladala ya Buhongwa.

Hii Coaster ilikuwa ya abiria, njia ya Mwanza na Musoma. Ndiyo iliyosomesha wanangu. Mume wangu alipofariki, nayo ikiwa inakunywa oili kuliko dizeli, mashemeji walikaa kikao bila mimi wakaamua iuzwe skrepa. Nikakataa. Nikang'oa viti, nikaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na paneli ya sola. Kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yetu, shemeji mmoja akasimama na bia yake mkononi akasema mjane amekosa la kufanya, sasa anajenga nyumba ya magurudumu. Watu wakacheka. Mimi nikaenda kutafuta boti ya kuweka juu. Sikusema nalo neno, lakini kila ninapopita mtaani kwao napiga honi. Hata kama barabara iko wazi.

Turudi kwenye mtumbwi wa jirani.

Mtumbwi wa mbao umeumbwa kukaa majini. Mbao hunywa maji, zikavimba, na uvimbe huo ndio unaobana maungio yasivuje. Sasa upandishe juu ya paa, jua la Magu liupige mchana kutwa na upepo wa barabarani juu yake. Mbao zinasinyaa, kalafati, ile pamba inayoziba maungio, inalegea. Ukiushusha Bunda unaanza kuchota maji kabla hujapiga kasia. Ukisubiri mpaka zivimbe tena, umeshakuwa mzito kuliko ulivyotoka nao nyumbani. Utaita vijana wanne wa mwaloni wakusaidie kuupandisha, uwape ya soda. Kesho tena wanne, soda tena. Mwisho utamwachia mtu akutunzie, utasema utaufuata, na hutaufuata.

Kwangu kipimo ni kimoja. Boti ya kubeba juu ya gari nunua kwa jinsi inavyopanda, habari ya jinsi inavyoelea ije baadaye. Chombo ambacho huwezi kukirudisha juu ukiwa umechoka, jua limezama na mbu wamefika, ni mali ya wale vijana wanne.

Yangu ni ya faiba, futi 11, kilo 50 na kidogo bila makasia wala ubao wa kukalia. Kabla ya kulipa nilimwambia muuzaji ashike nyuma, mimi nishike mbele, tuizungushe kibanda chake. Alicheka, akashika. Tuliporudi pale tulipoanzia anahema, mimi nimetulia, na bei ikapungua bila maneno mengi. Za alumini ni nyepesi na hazipasuki ovyo, ila huku kuzipata ni bahati. Ile ya kujaza upepo inakaa ndani ya begi na haina shida ya paa kabisa, lakini ufukwe wa Mwanza ni mawe matupu, utashinda unaziba viraka.

Sasa keria. Hapa bado nina kinyongo na sitakificha.

Fundi wa kwanza alitoboa paa katikati, penye bati tupu, akapitisha bolti, akapaka silikoni, akachukua hela yake yote. Mvua za kwanza tu, godoro likalowa. Nilipompigia akaniambia, "Mama, hilo ni jasho la gari." Jasho! Mpaka leo akiniona Igoma anavuka barabara.

Paa la Coaster ni bati jembamba lililolazwa juu ya mbavu za chuma, na mbavu hizo zinateremka pembeni mpaka kwenye bodi. Bati halibebi kitu, wabebaji ni hizo mbavu. Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye karakana Nyakato, hakuanza na drili. Alipanda juu akawa anagonga paa kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaweka alama za chaki penye ubavu. Ndipo akapima. Miguu ya keria yangu inashuka pembeni, kila mmoja umekaa penye ubavu wake, chini yake kuna bamba la chuma la kutawanya uzito na kipande cha raba. Keria yenyewe ni ya skwea paipu. Nikamlipa zaidi ya alichotaja.

Wenye magari yaliyotoka kiwandani yakiwa ya kulala, yale yanayoletwa kutoka Ulaya, kuweni waangalifu zaidi. Mengi paa lake ni faiba juu, povu katikati, ubao mwembamba chini. Ukikaza bolti humo unaminya povu, maji yanapata njia, na ubao unaoza taratibu bila wewe kuona. Angalia kitabu cha gari kinaruhusu kilo ngapi juu ya paa. Kilo hizo zinahesabu keria, kamba, boti, na wewe mwenyewe unapopanda kufunga. Watu wengi wanajisahau wao.

Na uzito ukishakuwa juu, gari linayumba kwenye kona kuliko ulivyozoea. Siku niliyopandisha boti niliteremsha tairi la akiba, madumu na mtungi wa gesi, vyote vikaingia chini. Najua tumezoea kurundika juu ya paa kuanzia magunia mpaka mbuzi. Acheni.

Kupandisha kwenyewe hakuhitaji misuli, kunahitaji kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Nyuma ya gari nina reli mbili za skwea paipu zinazochomekwa kwenye keria na kuegemea chini kama ngazi. Boti inalala kifudifudi juu ya reli, kamba kutoka kwenye boti inapita kwenye kapi iliyo mbele ya keria. Ukiongeza kapi ya pili inayotembea pamoja na mzigo, nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu, ingawa kamba utaivuta mara mbili zaidi. Mimi navuta, mjukuu wangu anaongoza nyuma isiende upande. Kwenye ncha ya keria kuna kipande cha bomba la plastiki kinachozunguka, kwa hiyo faiba haikwaruziki. Hapo ndipo wanaume wanaosimama kutazama wanapoanza kutoa ushauri. Nawaambia asanteni, tumemaliza.

Kifudifudi ni lazima. Boti ikitazama juu inajaa mvua, na inakamata upepo.

Kufunga sasa, na hapa nawaomba mnisikilize. Ile mipira ya tyubu tunayofungia mizigo kwenye baiskeli haifai. Inavutika, jua linaiua, na siku ikikatika haikuagi. Kamba ya nailoni nayo ikilowa inalegea. Tumia mikanda ya polista yenye kibanio, miwili, ipite juu ya boti na ifungwe kwenye keria, isifungwe kwenye mfereji wa paa. Kisha kamba moja kutoka mbele ya boti hadi kwenye ndoano ya kuvutia gari, na nyingine kutoka nyuma. Hizo mbili ndizo zinazozuia boti isikurukie kioo ukifunga breki ghafla. Mkanda ukiupa msokoto mmoja kabla ya kukaza, hautavuma kwa upepo njia nzima. Tyubu kuukuu usiitupe, ikate vipande uweke chini ya kibanio kisile faiba. Ukifika Kisesa simama ukaze tena, maana mkanda wa kwanza lazima utulie.

Mwendo nao. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, upepo unaisukuma boti kwa nguvu mara nne. Mimi nikifika 70 nimeridhika. Mabasi ya Musoma yanapita, kila likipita gari linatikisika, na makonda wananipungia mkono kwa dharau. Wengine niliwaajiri mimi.

Safari mojawapo nilikuwa nimeifunika boti kwa turubai jeupe, mvua ilikuwa inatishia. Kabla ya Magu bodaboda zikaanza kusimama pembeni. Mzee mmoja akavua kofia. Wanawake waliokuwa na ndoo kichwani wakageuka wakasimama kimya. Sikuelewa mpaka trafiki aliponisimamisha, akasogea dirishani na sauti ya chini: "Poleni sana na msiba, mama. Mnazika wapi?" Mjukuu wangu kaangua kicheko na mimi nikalazimika kumkanyaga mguu. Nilimweleza afande, akataka kuona, nikashuka nikafunua turubai. Alicheka kuliko mjukuu. Kisha akaniuliza urefu wa gari kwenda juu, na hilo lilikuwa swali la maana: nina karatasi mbele ya usukani imeandikwa mita 3.2, kwa kalamu nene. Mapaa ya sheli za zamani, matawi ya miembe, mageti ya nyumba za wageni na waya za umeme zilizolegea huko vijijini havikusamehe. Tangu siku hiyo turubai langu ni la bluu.

Wenye Noah na magari mengine mafupi, boti ikizidi nyuma ya gari funga kitambaa chekundu kwenye ncha.

Sasa niseme kidogo na kina mama wenzangu, na vijana pia. Wengi wenu hamkosi hela, mnaogopa kuchekwa. Mnasubiri ruhusa ya watu ambao hawatawajazia hata lita moja ya mafuta. Shemeji yangu yule ana gari zuri kuliko langu, linalala getini tangu Jumatatu mpaka Jumapili, halijafika hata Lamadi. Mimi nimekula sato wa kuchoma Nansio, nimemtoa majini kwa ndoano yangu. Ukitaka kitu anza nacho kidogo kidogo, nunua hata mikanda kwanza, weka kabatini. Wakicheka wacheke wakiwa wamekaa. Na wewe kijana wa Geita, usiniambie hela haitoshi wakati wikiendi unaimaliza baa. Anza.

Ila ziwa lenyewe msilizoee. Boti inayopanda kwenye paa ni ndogo, na Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Asubuhi likiwa kimya, kufikia saa sita upepo unatoka ziwani unaanza kupiga na mawimbi yanasimama, kwa hiyo mimi naingia kukikucha, narudi kabla ya jua kuwa kali. Usiku ukiona radi upande wa maji, alfajiri hiyo lala. Ngurumo nyingi za ziwa hili hukomaa usiku na kufika mpaka asubuhi. Sikiliza utabiri, halafu muulize mvuvi aliyerudi punde. Jaketi okozi ni kwa kila kichwa, limevaliwa, halijakaliwa. Sisi watu wa huku tuna Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, na Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale karibu na Ukara, ambako zaidi ya watu 200 walikufa na nchi kavu wanaiona. Usishushe boti penye matete, kuna viboko na mamba, na maji yaliyotulia penye majani ndiyo yenye konokono wa kichocho. Ukitaka kuvua uliza kwanza habari ya leseni, na ukitaka kubeba watu kwa malipo hilo ni suala la TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, usianze kienyeji.

Kijana wa Geita aliuliza pia kama atapita nayo kwenye daraja la Kigongo–Busisi akija Mwanza. Atapita. Tangu lifunguliwe Juni 2025 hatuna tena foleni ya pantoni pale, lakini ni kama kilomita tatu juu ya maji na upepo unakupiga ubavuni, bila mti wala nyumba ya kuukinga. Simama Busisi kabla ya kupanda darajani, vuta kila mkanda kwa mkono, kisha uvuke taratibu na mikono yote miwili kwenye usukani. Na kabla hujampa fundi hela ya keria, nitumie vipimo vya paa lako na uniambie sola umeiweka wapi, kwa sababu kivuli cha boti kikifunika hata pembe ya paneli umeme unashuka sana, na kuihamisha baadaye ni kutoboa paa upya.