Kabla ya kuagiza dawa, chungulia dirisha la hospitali

Kijana mmoja anayetaka kufungua kemisti, duka la dawa, hapa Kondele, Kisumu, alinijia na daftari, akitaka nimfundishe kupanga bei. Nikamwuliza kama anajua hospitali ya serikali iliyo karibu naye hupokea dawa lini. Akanitazama kama mtu aliyeingia duka si lake.

Mimi somo hilo nililipia. Mwaka wangu wa pili Kisumu, mvua za Aprili ziliponyesha, nilichukua kwa holsela, muuzaji wa jumla, katoni za AL, ile dawa ya malaria, kwa mkopo wa siku 30. Mbu wa huku ziwani nawajua, nikasema Mei wagonjwa watanipangia foleni. Foleni kweli ilikuja, ikapita mlangoni pangu ikielekea hospitalini. Lori la KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa hospitalini, lilikuwa limeshusha mzigo, na pale dirishani dawa ilikuwa ya bure. Siku ya 30 holsela alinipigia hata sijafungua duka. Zile pakiti za tembe 24 nilizihesabu kila jioni, mwishowe nikaziuza kwa hasara kabla muda wake haujaisha.

Jirani yako mwenye kemisti si wa kukunyima usingizi. Mnanunua kwa maholsela walewale, mnapishana shilingi tano. Wanaoamua bei wako mbali. Ruzuku ya Global Fund, mfuko wa kimataifa unaosaidia vita dhidi ya malaria, ilipoanza 2010, AL zenye alama ya jani la kijani zilipangiwa shilingi 40, na wateja waliijua bei hiyo kuliko sisi wauzaji. Tena mwanzoni mwa 2024 dola ilipofika shilingi 160, hata dawa za viwanda vya Nairobi zilipanda, kwa sababu malighafi nyingi hutoka India na China. Mama mmoja aliigeuza chupa ya sirapu, akasoma, akaniuliza: “Daktari, si hii imetengenezwa hapa hapa Kenya?” Nieleze nini, na mtoto analia mgongoni?

Kwa hiyo siku hizi nasoma karatasi za daktari. Zikianza kuja kwangu hata za amoksilini ya watoto, ile antibiotiki ya kawaida, najua stoo ya hospitali imekauka, naongeza oda. Zikipungua, naagiza kidogo kidogo, mara mbili kwa wiki, boda analeta. Na holsela asiyekubali kurudishiwa dawa iliyobakiza miezi mitatu kuisha muda, simchukulii mzigo mkubwa. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye invoisi. Ya mdomo huyeyuka.

Maduka makubwa yenye matawi yakifungua karibu, waachie vitamini na nepi. Wananunua kwa wingi, huwawezi.

Atakuja pia mtu na begi, bei nusu, risiti hana. Bodi ya Famasia na Sumu ikikukuta na dawa zake, yeye hutamwona tena. Yule aliyekuja juzi nilimwambia apite tu, hata begi sikumruhusu kulifungua.