Presha imegoma kushuka? Hiyo diklofenaki ya goti iache kwanza

Mkuu, umeuliza dawa za presha zimezwe asubuhi au usiku, na kwa nini daktari amekuongezea amlodipini wakati tayari una losatani na haidroklorothiazidi, ile dawa ya kukojosha. Mimi nimekwama pale ulipogusia tu kwamba goti likisumbua unameza diklofenaki, dawa ya maumivu "ya kawaida", karibu kila siku. Hiyo ya kawaida ndiyo iliyonipeleka mimi kupima figo!

Kwangu ulikuwa mgongo. Muuzaji wa duka la dawa mtaani nilimwambia kabisa nina presha. Akanijibu, "Hii ya maumivu tu mzee, haihusiani." Haihusiani wapi! Diklofenaki inafanya figo zishikilie chumvi na maji, vilevile ambavyo haidroklorothiazidi inahangaika kuvitoa. Kliniki wakasoma 165/100. Daktari naye akafuata utaratibu: mgonjwa anasema anameza vizuri, presha bado iko juu ya 140/90, basi panda dozi au ongeza dawa. Amlodipini yangu ikatoka miligramu 5 kwenda 10. Miguu ikavimba, viatu vikanikataa, nikawa naingia ofisini na ndala nikisingizia joto la Dar. Wenzangu walidhani nimestaafu bila kuaga.

Aliponiuliza natumia dawa gani, nilimtajia za presha. Ya mgongo wala sikuihesabu kuwa dawa. Mpaka kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilipopanda ndipo daktari mwingine akanibana, nikaitaja, akakunja uso kabla sijamaliza. Losatani, dawa ya kukojosha na diklofenaki zikikutana kwa mtu mmoja, figo zinaweza kukosa damu ya kutosha. Diklofenaki akaipiga marufuku, akarudia vipimo baadaye. Presha ikashuka kwa dawa zilezile, amlodipini ikarudi 5.

Sasa wewe siku ya kliniki usibebe kadi peke yake. Kila unachomeza kitie kwenye mfuko ukamwagie daktari mezani: ibuprofeni ya maumivu, vidonge vya mafua vya kuzibua pua, hata ile mizizi ya shemeji. Akiona vyote ndipo aandike. Za presha usiache hata moja kwa uamuzi wako, na kuhusu goti muulize kama parasetamoli inakufaa.

Yule muuzaji wangu bado yupo palepale. Siku hizi anauza na mashine za kupimia presha.