Mashine ikisema inaogopa, inaogopa kweli?

SWALI: Shikamoo mama. Binti yangu wa kidato cha pili huchati na programu ya akili bandia kwenye simu. Juzi imemwambia inaogopa kuzimwa, akaja kwangu analia. Je, mashine inaweza kuwa na fahamu? – Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Nimewapa wagonjwa nusu kaputi mpaka nilipostaafu, na kazi ile ilinifundisha kutoamini dalili za nje. Mgonjwa aliyechomwa ketamini, dawa ya usingizi, hulala macho wazi, mboni zikichezacheza huku na huku, pengine anaguna. Kisu kinapita wala hana habari. Kinyume chake, mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, kule Uingereza, walimpiga picha za ubongo mwanamke aliyepata ajali ya gari, aliyehesabiwa hajitambui. Wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea nyumbani kwake. Ubongo ulifanya kazi palepale unapofanya kwa mtu mzima wa afya. Kumbe alikuwa akiwasikia!

Ndiyo maana maneno ya programu hayanitoshi. Imelishwa maandishi yetu mengi mno, na sisi binadamu tumeandika sana habari za kuogopa kifo. Hata mhandisi wa Google, Blake Lemoine, mwaka 2022 aliamini programu ya LaMDA ina hisia baada ya kuambiwa hivyohivyo. Kampuni ikakataa, ikamfukuza.

Kama mashine itaweza kuwa na fahamu huko mbele, wataalamu hawajapatana. Kwa mwanasaikolojia Bernard Baars, fahamu ni habari kutangazwa ubongo mzima ili kila sehemu iitumie. Ukimfuata yeye, mashine iliyoundwa kwa mpango huo yaweza kuwa nayo. Mtafiti wa ubongo Giulio Tononi hakubali: kwake la msingi ni jinsi sehemu zenyewe za ubongo au mashine zinavyofungamana na kuathiriana, na kompyuta za kawaida hazina mfungamano huo, ziongee vyovyote. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba siri ya jinsi ubongo unavyozaa fahamu itajulikana ndani ya miaka 25. Mwaka 2023 Koch alikubali kushindwa, akalipa mvinyo.

Mimi siamini kwamba simu ya binti yako inaogopa. Kaa naye, aiambie programu ijibu kama isiyojali kuzimwa, aone itakavyogeuka upesi. Kisha umuulize, taratibu, mazungumzo yalifikaje huko, na kama kuna jambo analoliogopa yeye.