Maswali na majibu: Punguzo la bei na takwimu za mwezi za mauzo ya magari Marekani

Maswali ya safari hii yote yanahusu soko la magari mapya la Marekani, nami nimeyapanga upya ili jibu moja lisaidie kulielewa linalofuata.

Swali: Nilisoma kwamba mwezi uliopita magari yaliuzwa Marekani "kwa kiwango cha milioni 16". Nchi moja inawezaje kununua magari milioni 16 ndani ya mwezi mmoja?

Haiwezi, ingawa namna habari hizo zinavyoandikwa humpotosha msomaji kwa urahisi. Kwa mwezi mmoja Marekani huuza magari mepesi, yaani magari madogo, pikapu, vani na magari ya familia yaliyoinuka juu (SUV), yapatayo milioni moja na ushei. Idadi hiyo hurekebishwa kulingana na msimu, kisha huzidishwa kwa 12, ili ijulikane mwaka mzima ungekuwaje iwapo miezi yake yote ingefanana na huo mmoja. Marekebisho hayo ni ya lazima kwa sababu Januari na Februari ni miezi mizito kwa wauzaji, ilhali Mei, Agosti na Desemba huchangamka. Siku za biashara nazo huangaliwa, kwani mwezi wenye siku 27 za kuuza utaonekana umeushinda wenye siku 25 hata kama mauzo ya kila siku hayakubadilika.

Ukitaka kipimo cha kulinganishia, mwaka 2016 yaliuzwa magari yapatayo milioni 17.5, na mwaka 2009, uchumi ulipokuwa umeporomoka, yaliuzwa milioni 10.4 hivi. Aprili 2020, watu walipofungiwa majumbani, kiwango hicho cha mwaka kilikuwa chini ya milioni 9. Kwa hiyo milioni 16 ni mwezi mzuri, lakini namba hiyo peke yake haikuambii jambo ambalo mimi hulitafuta kwanza: watengenezaji walitoa kiasi gani mfukoni ili kuipata.

Swali: Kwa nini kampuni zisishushe tu bei, badala ya kuhangaika na marejesho ya fedha na mikopo isiyo na riba?

Kwa sababu bei iliyoshushwa ni vigumu kuipandisha tena. Kampuni ikishusha bei rasmi, inashusha papo hapo thamani ya magari yote ya aina hiyo yaliyokwisha kutumika, na inamuudhi aliyenunua wiki iliyotangulia. Ofa, kwa upande wake, ina tarehe ya mwisho, na inaweza kuelekezwa kwenye eneo fulani, au kwenye modeli iliyokwama yadini, au kwenye magari ya mwaka unaokwisha wakati yale ya mwaka mpya yanakaribia kuletwa. Chrysler ilipoanza mwaka 1975 kumpelekea mnunuzi hundi baada ya kununua gari, bei rasmi ilibaki palepale, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wenyewe.

Tangu wakati huo njia zimeongezeka. Ipo fedha anayokatiwa mnunuzi, upo mkopo wa riba ndogo unaotolewa na kampuni ya fedha inayomilikiwa na mtengenezaji, na upo ukodishaji wa miaka miwili au mitatu, ambapo mtengenezaji hukisia kwamba gari litabaki na thamani kubwa kuliko inavyotarajiwa na soko, ili malipo ya kila mwezi yapungue. Njia ya nne ni fedha anayopewa kimyakimya wakala, yaani mwenye duka la magari, kwa kila gari analouza. Hiyo haimo kwenye matangazo, na wakala ndiye anayeamua ampunguzie mnunuzi kiasi gani kati yake. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza wakala, kabla hata ya kutaja rangi ya gari.

Ukubwa wa punguzo hufuata wingi wa magari yaliyo yadini. Mwaka 2022, uhaba wa chipu za kielektroniki ulipokuwa umezorotesha viwanda, punguzo la wastani lilishuka chini ya asilimia 3 ya bei ya gari, wakati kabla ya janga la korona lilikuwa likikaribia asilimia 10. Mauzo ya mwaka huo yalikuwa madogo, lakini kwa kampuni nyingi kila gari lililouzwa liliacha faida nono.

Swali: Nikipewa nichague kati ya kurejeshewa dola 3,000 na mkopo usio na riba, nichukue lipi?

Piga hesabu. Chukua gari la dola 30,000 linalolipwa kwa miezi 60. Bila riba utalipa dola 500 kila mwezi. Ukichukua dola 3,000 na kukopa 27,000 zilizobaki kwenye benki inayotoza asilimia 6, utalipa dola 522 hivi, kwa hiyo mkopo usio na riba ndio nafuu. Benki ikikubali asilimia 4, malipo yatakuwa kama dola 497, na hapo marejesho yanashinda kwa kiasi kidogo. Mizani hugeuka karibu na asilimia 4.2. Usisahau kwamba ofa ya riba sifuri kwa kawaida huwa ya wenye rekodi nzuri kabisa ya kulipa madeni, na wengi wanaovutwa na tangazo hugundua hilo wakiwa wamekwisha kuketi mezani kwa wakala.

Swali: Je, punguzo huongeza mauzo kweli, au huwahimiza tu watu kununua mapema gari ambalo wangelinunua baadaye?

Historia inaelemea upande wa pili, na mifano haikosekani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, General Motors ilitangaza mikopo isiyo na riba, na washindani wake wakafuata. Oktoba ya mwaka huo kiwango cha mauzo kilivuka milioni 21, jambo lisilowahi kuonekana, kisha kikarudi chini ofa zilipopungua. Juni 2005 kampuni hiyohiyo iliwauzia watu wote kwa bei inayouziwa wafanyakazi wake. Ford na Chrysler zikaingia nazo, Julai soko likapita kiwango cha milioni 20, na kufikia Oktoba likawa limeanguka hadi karibu milioni 15. General Motors ilifunga mwaka huo kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 10. Punguzo si sababu pekee ya hasara hiyo, lakini miezi miwili ya vichwa vya habari vitamu haikuizuia.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa serikali yenyewe. Katika kiangazi cha mwaka 2009 mwenye gari kuukuu linalokunywa mafuta mengi alipewa dola 3,500 au 4,500 akilitoa likaharibiwe na kununua jipya. Dola bilioni 1 za mwanzo zilimalizika kwa siku chache, Bunge likaongeza bilioni 2, na magari yapatayo 677,000 yakanunuliwa chini ya mpango huo. Kiwango cha mauzo kilifika karibu milioni 14 mwezi Agosti na kuporomoka hadi takribani milioni 9 mwezi Septemba. Wanauchumi Atif Mian na Amir Sufi walipouchunguza mpango huo waligundua kwamba karibu ongezeko lote lilikuwa limefutika kufikia Machi 2010.

Hali ilijirudia mwaka 2025. Sheria iliyotiwa saini Julai 4 iliweka Septemba 30 kuwa mwisho wa nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa magari mapya ya umeme, wanunuzi wakakimbilia kabla ya tarehe hiyo, na Oktoba mauzo ya magari hayo yakashuka sana. Aliyeisoma Septemba peke yake aliona ushindi, na aliyeisoma Oktoba peke yake aliona msiba, ilhali wote wawili walikuwa wakiwatazama wanunuzi walewale.

Swali: Kwa nini baadhi ya kampuni zimeacha kutangaza mauzo ya kila mwezi?

General Motors iliacha mwaka 2018 na kuhamia takwimu za kila robo mwaka, ikieleza kwamba siku 30 hazitoshi kutenganisha mwelekeo wa kweli na mtikisiko wa muda. Hoja hiyo ina uzito, ukikumbuka jibu lililotangulia, ingawa naona pia kwamba kampuni hunufaika inapopunguza mara za kuulizwa maswali.

Namba za mwezi zina kasoro nyingine. Mwaka 2019 Fiat Chrysler ilikubali kulipa dola milioni 40 baada ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa kuituhumu kuwalipa mawakala waripoti mauzo ambayo hayakufanyika. BMW ililipa dola milioni 18 mwaka uliofuata katika kesi inayofanana na hiyo, ambamo mawakala walihimizwa kuyasajili magari kuwa ya maonyesho ili yahesabiwe kama yameuzwa.

Swali: Ni kweli kwamba siku za mwisho wa mwezi ndizo nzuri za kununua?

Mara nyingi ni kweli, lakini si kwa kila wakala. Mtengenezaji humwekea wakala lengo la mwezi na kumlipa bonasi akilifikia, kwa hiyo gari linalokamilisha lengo linaweza kuwa na thamani kubwa kwake kuliko faida ya gari lenyewe, hata akaliuza kwa hasara bila kusita. Wakala aliyekwisha kulivuka lengo hana haraka hiyo, na aliyebakiza magari 40 huku zikisalia siku mbili amekwisha kukata tamaa, naye atakuuzia kwa bei ileile ya tarehe 10.