Gulio la mtaa halihitaji mgeni rasmi

Dada mmoja wa Kihesa, Iringa, ameniandikia akiuliza: mtaa wao nao unataka gulio la familia kama letu la hapa Mbeya, waanzie wapi? Najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo. Una biashara yako ndogo nyumbani, na jirani wa nyumba ya tatu hajui hata unauza nini.

Chagueni Septemba. Huku Nyanda za Juu Kusini baridi ya Juni na Julai inakuwa imelegea, mvua za Novemba bado, na wauzaji wametoka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale wakiwa na mzigo uliobaki. Vumbi lipo, na upepo wa Mbeya mnaujua: turubai msipolifunga vizuri mtalifuata Iyunga. Ruhusa ya kufunga barabara anzeni kuifuatilia mapema kwa mtendaji wa mtaa. Hapo hakuna hadithi.

Hadithi ipo kwa mgeni rasmi. Kwenye vikao vyetu wazee walisema shughuli isiyo na mgeni rasmi ni ya wahuni. Na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, jina namhifadhi, aliyeahidi maturubai na spika kwa sharti kwamba yeye ndiye afungue. Nikakataa. Mtoto hakai juani saa mbili akisubiri hotuba, na mama wa maandazi hauzi kitu watu wakiwa wamekalishwa kwenye viti. Maturubai hayakuja. Nilisemwa mpaka kwenye foleni ya maji! Walionisema ndio waliowahi kufika na watoto wao, wakala mishikaki, na mpaka leo hakuna aliyeniambia hata pole.

Tukachangishana. Kila meza ililipa ada moja, awe wa duka au wa karanga, tukakodi spika. Saa nne watoto wakaanza kukimbia na magunia. Michezo tuliiweka mwisho wa barabara makusudi, ili mzazi anayemfuata mwanawe apite kwanza kwenye parachichi za Rungwe, mchele wa Kyela, sabuni za maji na masweta ya kufuma. Fundi cherehani wa kona, ambaye wengi tulimjua kwa sare za shule tu, aliondoka na oda za magauni ya harusi.

Ndugu zangu, tuache kuabudu vyeo. Biashara yako haihitaji mkubwa wa kukata utepe, inahitaji jirani aione. Viti vya mbele vyenye vitambaa wapeni bibi na babu. Na anzeni kwa wakati. Narudia: kwa wakati, hata kama mwenyekiti wa mtaa bado anavaa koti.

Juzi yule mfanyabiashara amemtuma kijana aulize kama safari hii kuna meza. Ipo. Ada ni ileile ya muuza karanga.